Gredi ya Kwanza hufunga mwaka bila nambari

MUHULA wa tatu unapofika ukingoni, madarasa ya Gredi ya Kwanza nchini hurindima kwa nyimbo, mashairi na maigizo. Wazazi huketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, wakisubiri ripoti.

Enzi za mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, majina yalisomwa hadharani kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, na wa mkia alirejea nyumbani akilia. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019 katika madarasa ya chini, haumlinganishi mtoto na mwenzake. Ripoti yake hutumia ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia na mbali na matarajio.

Hata hivyo, wazazi wengi wangali wanauliza, "Amekuwa wa ngapi?" Swali hilo hupitwa na jambo zito zaidi: je, mtoto anajua kusoma?

Anayekaribia matarajio katika Kiswahili hastahili kuaibishwa, lakini kuna ujuzi ambao bado hajaupata. Mwalimu ndiye anayeweza kueleza anakokwama: ni sauti za herufi, silabi, au ufahamu wa sentensi? Jibu hilo lina uzito kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kurudishwa nyuma darasani. Januari ataingia Gredi ya Pili, ajue kusoma asijue, na vitabu vya huko vina matini ndefu zaidi.

Likizo ya Desemba ni ndefu. Dakika kumi za kusoma kwa sauti kila jioni, mtoto akifuatisha maneno kwa kidole, zinawezekana hata katika nyumba yenye kitabu kimoja.