Mtwara: Mji uliojengwa kwa karanga sasa una kasa na nyangumi

WAKULIMA wengi wa kusini wanaifahamu Mtwara kama mahali ambapo korosho hupakiwa melini. Ni wachache wanaojua kwamba bandari hiyo haikujengwa kwa ajili ya korosho, bali karanga.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili mazao ya Nachingwea yapate njia ya kwenda ng'ambo, ilitandikwa reli na kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara. Lakini mashamba yalifunguliwa kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa hazipo. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960.

Kwa miaka mingi mji huo ulibaki kama kisiwa. Ni mwendo wa takriban kilomita 560 kutoka Dar es Salaam, na msafiri alilazimika kuvuka mto Rufiji kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003.

Umbali huo, hata hivyo, ulihifadhi mengi. Kilomita 10 hivi kutoka mjini ipo Mikindani, bandari ya kale ya majahazi, pembe za ndovu na watumwa. Hapo ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama, na baada ya kukarabatiwa liligeuzwa hoteli.

Kusini zaidi, kuelekea mpaka wa Msumbiji, ipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Ina matumbawe, mikoko na fukwe ambako kasa hutaga mayai. Mto Ruvuma una viboko na mamba. Kati ya Julai na Novemba, nyangumi wenye nundu hupita pwani hiyo wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa.

Hapo ndipo penye hesabu ya mkulima na mfanyabiashara mdogo. Minada ya korosho huanza Oktoba. Julai hadi Septemba mifuko mingi imekauka, na ndiyo miezi ya nyangumi. Mgeni anayekuja kuwaona anahitaji boti, chakula, mahali pa kulala na kinyago cha Kimakonde cha kurudi nacho nyumbani.

Lakini bidhaa hiyo huharibika upesi. Baruti moja huua samaki pamoja na vifaranga vyao, na kuvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Kasa huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa; anayefukua mayai yake leo anakula mtaji wa mwanawe.

Waliopanga karanga walitumia mamilioni ya pauni bila kwanza kujua ardhi yao. Watu wa Mtwara wanaijua bahari yao vizuri. Kilichobaki ni kuilinda na kuifanyia hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari.