Kabla Hujaenda Naiccon

Komredi, Naiccon ni kongamano la mashabiki wa katuni, anime na gemu hapa Nairobi, na si lazima uvae kama Naruto ndio uingie. Mimi huenda na fulana na raba, na hakuna aliyewahi kunishangaa. Hizo raba ni muhimu, utasimama kutwa. Beba maji, chaji simu, na nauli ya kurudi itenge kabla hujafika kwa meza za wachoraji, maana hapo ndipo pesa huisha. (Lakini waungishe hata kitabu kimoja, jamani.)

Kubwa zaidi ni picha. Mtu aliyejishonea vazi la mhusika wake kwa kawaida hufurahi kupigwa picha, ila muulize kwanza, na usimshike. Kuna mabinti wanaoshikwa kiuno na watu wasiowajua, eti ni pozi! New York Comic Con iliweka mabango mwaka 2014 kukumbusha watu kwamba vazi si ruhusa. Ukishikwa, sema kwa sauti, kisha mtafute mhudumu mwenye beji. Ukiona mwenzako ameshikwa, usipite tu. Simama naye mpaka mhudumu afike.