Kilimo: Kwa nini kuchuma sombe kila mara kunapunguza mihogo

Mashariki mwa Kongo, shina moja la muhogo linalisha nyumba mara mbili: majani yanapikwa sombe, mizizi inakuwa bugali. Lakini shina linalochumwa majani kila mara linatoa mizizi midogo. Sababu iko ndani ya jani, ambalo linafanya kazi mchana na usiku.

Mchana, jani linatengeneza sukari kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni. Sehemu inakwenda mara moja kwenye mizizi na machipukizi. Nyingine inawekwa akiba ndani ya jani kama wanga, katika chembe ngumu zisizoyeyuka.

Jua likizama, akiba inafunguliwa. Vimeng'enya vya kwanza vinalegeza uso wa chembe hizo. Vingine, vinavyoitwa beta-amilesi, vinakata wanga kidogo kidogo kuwa sukari ya maltosi. Hiyo nayo inageuzwa kuwa sukari kama ile ya muwa, ambayo mmea unaweza kuisafirisha.

Akiba hiyo hailiwi ovyo. Mwaka 2013, watafiti wa John Innes Centre nchini Uingereza, wakiwemo Alison Smith na Martin Howard, walieleza hesabu ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamaa ya shu. Mmea huo unamaliza karibu wanga wote alfajiri, si mapema. Giza likiletwa kabla ya wakati, unapunguza kasi ili akiba ifike asubuhi. Ni kama unagawa wanga uliopo kwa saa zilizobaki, ukiongozwa na saa yake ya ndani.

Wanafunzi wanaweza kuona tofauti hiyo. Jani lililochumwa jioni, likiondolewa rangi ya kijani na kutiwa iodini, linakuwa jeusi-bluu. La alfajiri linabadilika kidogo sana.

Kwa muhogo, maana yake ni wazi. Majani yakiwa machache, sukari ya mchana inapungua na akiba ya usiku pia. Kisha mmea unatumia kilichopo kuotesha majani mapya, na mizizi inapata mabaki. Ugonjwa wa mozaiki, unaokunja majani na kuyafanya ya njano, unaleta hasara ya namna hiyo hiyo.

Mkulima hahitaji kuacha sombe. Anaweza kutenga mistari michache ya kuchuma, kuacha mashina machanga yakomae, na kuyapa mengine muda wa kuota majani tena.