Mvuvi wa Puerto Caimito na Mpira Wake Mmoja

Julai 2013, mjini Minneapolis, timu ya Minnesota Twins ilimkabidhi mgeni wake kiti cha kubembea. Kwa mbali ni kiti cha barazani, cha mzee wa kupunga upepo jioni. Ukikisogelea ndipo unapoona kwamba kimeundwa kwa marungu ya besiboli yaliyovunjika. Walikiita Kiti cha Ndoto Zilizovunjika. Mgeni aliyekikalia huku akicheka alikuwa Mariano Rivera wa New York Yankees, mwenye miaka 43, aliyekuwa katika msimu wake wa kuaga. Marungu ya namna hiyo alikuwa ameyavunja miaka nenda miaka rudi, akiwa amesimama zaidi ya mita 18 kutoka yalipo, kwa kutupa mpira tu.

Na mpira wenyewe, kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, ulikuwa wa aina moja. Watupaji wengi wanaodumu huwa na aina tatu, nne au tano mkononi: wa kasi, wa kupinda, wa kudondoka, na ule wa polepole wa kumlaghai mpigaji aliyejiandaa kwa kasi. Rivera hakuwa na siri. Mpigaji alijua kinachokuja, mashabiki jukwaani walijua, hata mtoto aliyekuwa akitazama runinga nyumbani alijua. Ukaja, na bado haukupigika.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, besiboli huonekana mchezo wa watu waliosimama wakingoja. Kiini chake ni ugomvi wa watu wawili. Mtupaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya uwanja, mpigaji humngoja upande wa pili na rungu begani. Mtupaji hutaka mpira upite bila kuguswa, au uguswe vibaya. Mpigaji hutaka kuufyatua mbali apate kukimbia vituo na kurudi nyumbani na pointi. Wakitolewa wapigaji watatu, zamu inageuka, na kila timu hupata zamu tisa. Rivera alikuwa mtu wa zamu ya tisa, yaani mfungaji. Katika lugha ya soka yetu mfungaji ni mpachika mabao. Huyu kazi yake ilikuwa kufunga mlango. Timu ikiongoza kwa pointi moja, mbili au tatu, anaitwa, anawatoa wapigaji watatu wa mwisho, watu wanakwenda kulala. Mchezo wa namna hiyo huandikwa kwa jina lake kuwa ameuokoa. Rivera aliokoa michezo 652 ya msimu wa kawaida, na mpaka leo hakuna aliyeifikia idadi hiyo.

Alizaliwa Panama mwaka 1969 na kukulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Bahari ya Pasifiki. Baba yake alikuwa nahodha wa chombo cha kuvua samaki jamii ya dagaa, na kijiji kizima kiliishi kwa nyavu. Maji yakipwa, ufuo uligeuka uwanja. Mpira ulifungwafungwa kwa vipande vya nyavu kuukuu na utepe, glavu ikakatwa kwenye boksi la maziwa, rungu likawa fimbo yoyote iliyonyooka. Kijana mwenyewe alipenda zaidi kandanda, na shujaa wake alikuwa Pelé. Majeraha ya mguu na ya jicho ndiyo yaliyomwondoa huko.

Shule aliiacha mapema akaingia baharini na baba yake, kazi ya saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Haikumpendeza. Akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, chombo chao cha tani 120 kilipinduka wakalazimika kukikimbia. Ndoto yake ilikuwa kusomea ufundi wa magari. Besiboli aliicheza mwisho wa wiki tu, katika timu ya ridhaa ya Panamá Oeste, na hata huko hakuwa mtupaji. Alicheza nafasi ya katikati ya kituo cha pili na cha tatu. Herb Raybourn, mtafuta vipaji wa Yankees, alimtazama katika nafasi hiyo mwaka 1988, akamwacha.

Mwaka mmoja baadaye mtupaji wa timu yao alizidiwa, na Rivera akajitolea kupanda kichuguu. Wenzake wakaona kitu. Wakapeleka habari kwa Yankees, na Raybourn, ambaye alishamkataa mara moja, akarudi kumtazama upya. Kasi haikuwa ya kutisha, chini ya kilomita 140 kwa saa. Alichokiona ni mkono uliotupa bila kujitutumua, mpira ukitoka laini kama unateleza. Februari 1990 Yankees walimsaini kwa malipo yasiyozidi dola 3,000. Kijana ambaye hakuwahi kuishi mbali na kwao akapanda ndege kwenda Florida bila kujua Kiingereza.

Msimu wake wa kwanza, katika ligi ya chini kabisa, alitupa zamu 52 na kuruhusu pointi moja tu ya kuhesabiwa kwake. Ungetegemea njia ifunguke hapo. Haikufunguka. Agosti 1992 alipasuliwa kiwiko. Mwaka huohuo ligi ilikuwa inaongeza timu mbili, Florida Marlins na Colorado Rockies, na timu za zamani ziliruhusiwa kuwalinda wachezaji kadhaa tu wasichukuliwe. Yankees hawakumlinda Rivera. Timu zote mbili zikapita bila kumgusa.

Alifika ligi kuu Mei 1995, akapigwa, akarudishwa chini. Viongozi wa timu walikuwa tayari wanafikiria kumbadilisha na mtupaji wa Detroit, David Wells. Ndipo taarifa kutoka timu ya chini zikaonyesha jambo lisiloeleweka: mpira wa Rivera ulikuwa umepanda ghafla hadi kilomita 150 na zaidi kwa saa. Meneja mkuu Gene Michael alidhani kifaa cha kupimia kimeharibika. Akauliza kwingine, akapewa jibu lilelile. Biashara ikafa. Tarehe 4 Julai Rivera aliitwa tena, akawatupia Chicago White Sox zamu nane bila kuwaruhusu pointi hata moja. Mwaka 1996 akawa msaidizi wa mfunga mlango John Wetteland, na Yankees wakatwaa World Series, fainali za ligi kuu. Mwaka uliofuata Wetteland aliondoka, funguo zikawa zake.

Halafu ukaja mpira wenyewe, mpira wa mkato. Juni 1997, mjini Detroit, Rivera alikuwa akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza kabla ya mechi, mazoezi ya kupasha mkono. Mendoza akaanza kulalamika kwamba mpira unamkwepa dakika ya mwisho, aache mzaha. Rivera hakuwa anafanya mzaha. Aliushika kama siku zote, akautupa kama siku zote, na mpira ukaenda ulikotaka. Kwa wiki kadhaa yeye na mwalimu wa watupaji, Mel Stottlemyre, walihangaika kuunyoosha. Walitaka kuuondoa! Ulipokataa, wakaacha. Rivera, mtu wa dini waziwazi, maisha yake yote amesema ule ulikuwa zawadi ya Mungu aliyopewa bila kuiomba.

Ukiutazama taratibu, siri yake ni ndogo. Kidole cha kati hukandamiza pembeni kidogo, hivyo mpira huzunguka kimshazari. Unakuja ukiwa umenyooka, kasi ya kilomita 145 na zaidi, na mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua. Akishaamua, akishaanza kuzungusha rungu, mpira unahama kiasi cha upana wa kiganja. Mpigaji wa mkono wa kushoto unamfuata vidoleni, unakutana na rungu kwenye mpini mwembamba badala ya kichwa chake kinene, na mti unapasuka. Katika World Series ya 1999 dhidi ya Atlanta Braves, Ryan Klesko alivunja marungu matatu katika zamu moja ya kupiga, huku Chipper Jones, mwenzake, akishindwa kuzuia kicheko benchini. Klesko alikuwa mpigaji mkali, na alijua kabisa anatupiwa nini. Mwisho wa fainali hizo Rivera alichaguliwa mchezaji bora.

Wapo wanaosema mtu wa zamu moja hawezi kuwekwa meza moja na watupaji wanaoanza mchezo na kutupa zamu saba au nane. Hoja hiyo ina uzito kwa msimu wa kawaida. Ila mechi za mtoano ndizo zinazoijibu. Huko Rivera aliitwa mara nyingi kufunga zamu mbili badala ya moja, mbele ya wapigaji bora wa mwaka, na katika zamu 141 aliruhusu pointi 11 tu za kuhesabiwa kwake. Binadamu waliokanyaga mwezini ni 12.

Lakini kazi ya kufunga mlango ina ukatili wake. Ukifaulu, umefanya kilichotarajiwa. Ukishindwa, mji mzima unajua jina la aliyeuacha wazi.

Novemba 4, 2001, Phoenix, mchezo wa saba na wa mwisho wa World Series. New York ilikuwa bado inaomboleza waliokufa Septemba 11, na mashindano yale yalikuwa yameupa mji kitu cha kushika. Yankees 2, Arizona Diamondbacks 1, zamu ya tisa, Rivera juu ya kichuguu. Mark Grace akapiga akafika kituo cha kwanza. Mpira uliofuata ulipigwa kwa kugusishwa tu, ukabingirika mbele ya Rivera. Akauokota, akaurusha kituo cha pili, akaurusha vibaya. Tony Womack akasawazisha. Kisha Luis Gonzalez, vituo vyote vikiwa na watu, akaukuta mpira wa mkato kwenye mpini. Haukuwa pigo kali. Ulipaa kidogo tu juu ya kichwa cha mwenzake Derek Jeter, aliyekuwa amesogezwa mbele, ukatua kwenye nyasi. Yankees wakapoteza taji kwa mpira dhaifu.

Siku nane baadaye ndege iliyotoka New York kwenda Santo Domingo ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, wakafa watu 265. Mwenzao Enrique Wilson alikuwa amepanga kusafiri na ndege hiyo baada ya sherehe za ubingwa. Kwa kuwa sherehe hazikuwapo, aliondoka mapema. Rivera alisema amefurahi kwamba walishindwa, kwa sababu rafiki yake yu hai. Katika mambo yote yaliyoandikwa juu yake, pengine hakuna linalomweleza vizuri kuliko hilo.

Mwaka 2004 mlango ulimponyoka tena, safari hii katika mtoano mbele ya Boston Red Sox. Alikuwa ametoka Panama kuwazika jamaa zake wawili waliofariki kwa ajali nyumbani kwake, akashuka kwenye ndege na kuingia uwanjani siku hiyohiyo kuokoa mchezo wa kwanza. Yankees walifika mbele kwa michezo mitatu kwa sifuri. Katika mchezo wa nne, Oktoba 17, wakiongoza 4 kwa 3 katika zamu ya tisa, Rivera alimruhusu Kevin Millar kufika kituo cha kwanza bila kupiga. Dave Roberts akaingia badala yake kukimbia, akaiba kituo cha pili, na Bill Mueller akamrudisha nyumbani. Boston wakashinda mchezo ule na mitatu iliyofuata. Aprili 2005 Rivera alipotambulishwa katika uwanja wa Fenway, mashabiki wa Boston walimshangilia kwa nguvu, kwa kejeli, kama mtu wao. Akacheka, akawavulia kofia.

Taji la tano la World Series alilipata 2009. Septemba 2011 aliipita rekodi ya Trevor Hoffman ya kuokoa michezo 601. Halafu Mei 2012, Kansas City, akidaka mipira wakati wa mazoezi kama alivyozoea tangu ujana, goti lilimgeuka na kano ikakatika. Alikuwa na miaka 42, na kwa wengi huo ulikuwa mwisho. Kesho yake akatangaza kwamba atarudi. Hakutaka kuondoka akiwa amebebwa.

Akarudi 2013, akaokoa michezo 44. Kila mji alikokwenda aliomba kukutana na wale wasioonekana uwanjani: wakata tiketi, wapishi, wafagiaji, watunza nyasi. Alikaa nao, akawasikiliza, akawashukuru. Mgongoni alikuwa bado na namba 42, namba ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyeuvunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu mwaka 1947. Ligi ilikuwa imeistaafisha namba hiyo mwaka 1997, wakaruhusiwa kubaki nayo waliokuwa wakiivaa tayari. Mmoja mmoja waliondoka. Rivera akawa wa mwisho.

Miaka mitano baada ya kustaafu mchezaji huweza kupigiwa kura ya kuingia katika Jumba la Heshima la besiboli. Hata gwiji Babe Ruth hakupata kura zote. Wala Willie Mays, wala Hank Aaron. Januari 2019 waandishi 425 walipiga kura, na majina ya Rivera yalikuwa 425.

Usiku wake wa mwisho katika uwanja wa nyumbani ulikuwa Septemba 26, 2013. Yankees walikuwa wameshatolewa kwenye mashindano, na usiku ule walikuwa wakifungwa na Tampa Bay Rays 4 kwa 0. Hapakuwa na mchezo wa kuokoa. Aliwatoa wapigaji wanne kati ya wanne. Akibakiza mmoja ili zamu ya tisa iishe, watu wawili walitoka benchini kuja kumchukua, na hawakuwa makocha. Walikuwa Derek Jeter na Andy Pettitte, waliokua naye katika timu hiyo tangu 1995. Rivera akamwangukia Pettitte begani akalia kwa muda mrefu, mashabiki wote wakiwa wamesimama. Mchezo ulipokwisha na uwanja kuanza kutulia, alikaa peke yake benchini. Kisha akainuka, akatembea hadi kwenye kichuguu, akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia.