Kibonyezo cha Kujibia Maswali katika Madarasa ya Vyuo Vikuu

Mwalimu wa chuo kikuu asimamaye mbele ya wanafunzi mia mbili au mia tatu na kuwauliza kama wamefahamu, hapati jibu la kumfaa. Wachache huitika, waliobaki hunyamaza, na kunyamaza kwao kwaweza kuwa ni ufahamu, au haya, au usingizi. Kwa kawaida hungoja mpaka siku ya mtihani ndipo ajue ni nini kilichoingia vichwani mwao, na siku hiyo huwa amekwisha chelewa. Kifaa kitakachoelezwa hapa kilitungwa ili ajue mapema, wakati somo lingali mdomoni mwake.

Kifaa chenyewe ni kidogo, chakamatika kwa mkono mmoja, na usoni pake pana vitufe vichache vyenye herufi A mpaka E. Kila mwanafunzi huwa na chake, chenye namba yake pekee. Swali likionyeshwa ukutani pamoja na majibu manne au matano ya kuchagua, mwanafunzi hubonyeza kitufe cha jibu alionalo kuwa ni sahihi. Jibu hilo husafiri hewani pasipo waya hata kufika katika kipokezi kilichounganishwa na kompyuta ya mwalimu, nayo kompyuta hujumlisha majibu yote na kuyachora kwa nguzo ndefu na fupi, kila herufi na nguzo yake. Darasa huona idadi tu, halioni majina. Mwalimu akitaka aweza kuyatazama majina baadaye.

Vifaa vya kwanza visivyo na waya vilitumia mwanga usioonekana kwa macho, ule ule utumikao kubadilishia vituo vya televisheni kutoka kitini. Mwanga huo haupenyi mwili wa mtu, tena majibu mengi yakitumwa kwa pamoja yalizuiana njiani, hata mwanafunzi wa viti vya nyuma akalazimika kuunyosha mkono juu ya vichwa vya wenzake na kubonyeza tena na tena. Katika miaka ya 2000 mawimbi ya redio yalishika mahali pa mwanga, na taabu hiyo ikapungua sana. Siku hizi vyuo vingi huwaachia wanafunzi watumie simu zao wenyewe kwa njia ya intaneti, lakini kanuni ya kazi ni ile ile.

Waingereza na Wamarekani walikipa kifaa hiki jina kutokana na mlio wa kitufe chake. Katika makala hii kitaitwa kibonyezo, kwa kufuata mfano wa kizibo, kifuniko na kifungo, ambayo ni majina ya vitu yatokanayo na vitenzi vya kazi zao. Jina hili halikosi kasoro. Latia mkazo katika kidole, na kidole ndicho kiungo chenye kazi ndogo kuliko vyote katika shughuli hii.

Historia yaonyesha hivyo waziwazi. Wengi hukidhania kibonyezo kuwa ni uvumbuzi wa juzi, kumbe Chuo Kikuu cha Stanford kiliweka mtambo wa namna hii mwaka 1966, na kile cha Cornell mwaka 1968, wakati nyaya zilipokuwa zikipita kutoka kila kiti hata mezani kwa mwalimu. Mwaka 2002 Eugene Judson na Daiyo Sawada waliyapitia maandishi ya utafiti wa miaka ile ya 1960 na 1970. Waliona kwamba wanafunzi waliipenda mitambo hiyo, walakini maksi zao hazikuonyesha tofauti ya maana. Sababu yake si vigumu kuitambua. Mwalimu aliuliza, wanafunzi walibonyeza, mtambo ukasema nani amepata na nani amekosa, kisha mhadhara ukaendelea kama kwamba hapakutokea neno. Mtambo ulifanywa karani wa kuhesabu, wala hapana mtu apataye elimu kwa kuhesabiwa.

Mambo yalianza kubadilika kwa njia isiyohusu mitambo hata kidogo. Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha huko mwaka 1984, na wanafunzi wake walikuwa wakimsifu na kufaulu mitihani yao. Mwaka 1990 alisoma maandishi ya Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, yaliyochapishwa mwaka 1985. Hao walionyesha kwamba wanafunzi wengi humaliza masomo ya mwaka wa kwanza ya fizikia wakiwa na mawazo yale yale waliyoingia nayo juu ya nguvu na mwendo. Mazur hakuamini kwamba jambo hilo lawahusu wanafunzi wake, akawapa maswali hayo. Ni maswali mepesi kwa sura, yasiyotaka hesabu: kwa mfano, lori zito ligonganapo na gari dogo, lipi huisukuma jingine kwa nguvu zaidi? Kanuni ya tatu ya Newton, ambayo kila mmoja wao angaliweza kuikariri, yasema kwamba nguvu hizo ni sawasawa. Wengi wakajibu kwamba lori huzidi. Mwanafunzi mmoja alimwuliza Mazur kama ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi aonavyo yeye mwenyewe. Swali hilo lapasa kuzingatiwa na kila mwalimu, awe wa fizikia au wa sarufi, kwa maana lafichua kwamba kichwani mwa mwanafunzi mmoja mwaweza kukaa elimu mbili zisizojuana, moja ya mtihani na moja ya maisha.

Kuanzia mwaka 1991 Mazur aliubadili mhadhara wake. Hueleza jambo kwa dakika chache, kisha huonyesha swali moja. Kwanza kila mwanafunzi hufikiri peke yake, kwa kimya, na kutoa jibu lake. Majibu yakiwa yamegawanyika, huwaambia wamgeukie jirani mwenye jibu tofauti na kujaribu kumshawishi. Ukumbi hujaa makelele kwa dakika mbili tatu. Kisha hujibu swali lile lile mara ya pili, ndipo mwalimu aeleze. Kitabu chake juu ya njia hiyo kilitoka mwaka 1997. Mwanzoni hapakuwa na vibonyezo. Wanafunzi waliinua kadi zenye herufi. Kibonyezo kilikuja baadaye kurahisisha hesabu.

Katika mpango huo hatua ya kwanza, ile ya kimya, ndiyo hurukwa upesi na walimu wenye haraka, nayo ndiyo msingi. Mtu aliyekwisha kujifunga na jibu lake, hata kama hapana ajuaye ila yeye na kompyuta, huwa na kitu cha kutetea. Asiyejifunga husikiliza tu. Mkono wazi haufai kwa kazi hiyo, kwani mikono hufuatana: huinuka wa mwanafunzi ajulikanaye kwa akili, na mingine huutazama kisha ikainuka. Kibonyezo chaficha jibu la mtu lisionwe na jirani, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Waliozoea mchezo wa vitendawili hawataiona kanuni hii kuwa ngeni sana. Mtegaji hafumbui kitendawili chake mpaka wenzake wajaribu na kushindwa, na mji hautolewi kabla ya hapo. Tofauti ni kwamba katika vitendawili mwepesi wa kusema huwaokoa wote, na mzito wa kufikiri hapati nafasi.

Kila kitu basi hutegemea swali. Likijibiwa vema na karibu wote, majadiliano ni upotezaji wa wakati. Likikosewa na karibu wote, ni vipofu kuongozana, na afadhali mwalimu arudie somo. Walimu wa njia hii hulihesabu swali kuwa limefaa liwapo wanaopata kwa mara ya kwanza ni kati ya asilimia 30 na 70 hivi. Kutunga swali la namna hiyo ni kazi ngumu, na kwa kuwa mifano mingi iliyochapishwa ni ya fizikia, yafaa kutazama jinsi liwezavyo kutungwa katika somo la sarufi ya Kiswahili kwa wageni wanaojifunza lugha hii vyuoni. Mwanafunzi na achague sentensi sanifu katika hizi nne: (A) Rafiki wangu mwema amefika, (B) Rafiki yangu mwema amefika, (C) Rafiki yangu njema imefika, (D) Rafiki yangu njema amefika.

Hapa hapana jibu lililowekwa kwa kujaza nafasi. Achaguaye C amejifunza kwamba jina lisilo na kiambishi cha m- na wa- huingia katika ngeli ya N, akaifuata kanuni hiyo mpaka mwisho. Achaguaye A amejifunza kwamba viumbe vyenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza, naye pia akaifuata mpaka mwisho. Achaguaye D amesikia "rafiki yangu" na "amefika" vikitamkwa, lakini kivumishi amekibahatisha. Jibu sanifu ni B: kitenzi na kivumishi hufuata uhai, lakini kimilikishi hubaki katika ngeli ya N. Mwenye A na mwenye C wakikutanishwa, kila mmoja ana kanuni ya kweli mkononi, na ubishi wao hauwezi kwisha kwa kusema tu kwamba mwalimu alisema hivi. Hawana budi kuuliza mpaka wa kila kanuni u wapi. Kisha waulizwe juu ya "shangazi", na baada ya hapo juu ya "ng'ombe". Aliyenakili jibu la jirani ataandika "ng'ombe yangu amepotea". Aliyefahamu kwamba kimilikishi cha ngeli ya N hudumu hasa kwa majina ya jamaa na urafiki, atasema "ng'ombe wangu". Wataalamu waweza kubishana juu ya mazungumzo ya mitaani, ambako mpaka huo haushikwi daima. Ubishi huo nao ni swali jema kwa darasa la mwaka wa pili.

Neno hili la kunakili ndilo shaka kubwa iliyotolewa juu ya njia nzima. Majibu sahihi huongezeka baada ya majadiliano, hakuna abishaye; lakini je, wanafunzi wamefahamu, au wamemfuata tu mwenye kujua? Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, waliipima shaka hiyo katika somo la elimu ya urithi wa viumbe lenye wanafunzi wapatao 350, wakachapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 2009. Walitunga maswali mawili mawili yenye kanuni moja na sura mbalimbali, jozi 16 kwa jumla. La kwanza lilijibiwa na kila mtu peke yake, kisha baada ya majadiliano. La pili likafuata mara moja, kila mtu peke yake, kabla mwalimu hajaeleza neno. Kwa wastani asilimia 52 walipata mara ya kwanza, na asilimia 68 baada ya kujadiliana. Katika swali la pili walikuwa asilimia 73. Kama wangalinakili tu, swali jipya lingaliwarudisha chini. Hesabu za watafiti hao zaonyesha zaidi ya hayo, kwamba hata katika baadhi ya makundi ambamo hapana mmoja aliyejua jibu tangu mwanzo, wanafunzi waliweza kulifikia kwa kusemezana. Matokeo haya ni ya somo moja la chuo kimoja, na mwenye busara hatayapeleka mbali kuliko yaendavyo, lakini yatosha kuiondolea njia hii shutuma ya kuwa ni wizi wa majibu uliohalalishwa.

Yako mambo madogo yawezayo kuiharibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba darasa likioneshwa nguzo za majibu kabla ya kujadiliana, wengi huhamia kwenye nguzo ndefu, iwe ya haki au ya makosa. Basi mwalimu yampasa azifunike kwanza. Maksi nazo zina sumu yake. Mark James, katika utafiti wake wa mwaka 2006 juu ya madarasa mawili ya elimu ya nyota, aliona kwamba jibu la makosa likipunguziwa maksi, mazungumzo hutawaliwa na mwenzi mmoja, yaani yule aonekanaye kuwa hodari, na mwingine huwa msikilizaji. Katika darasa ambamo kujibu tu kulitosha kupata maksi, wenzi walisemezana kwa usawa zaidi. Na kibonyezo kikifanywa daftari la mahudhurio, hupata safari zake. Katika Chuo cha Dartmouth, mwishoni mwa mwaka 2014, vibonyezo vilikutwa vikijibu darasani kwa niaba ya wanafunzi wasiokuwapo, na wanafunzi 64 wakashtakiwa kwa kuvunja ahadi ya uaminifu ya chuo.

Kuhusu gharama, habari ni njema kwa vyuo visivyo na fedha nyingi. Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja cha Montreal, Kanada, alifundisha kwa njia ya Mazur kundi moja kwa vibonyezo na jingine kwa kadi za karatasi, na mwaka 2008 alitangaza kwamba hakuona tofauti ya maana katika waliyojifunza. Kibonyezo kilimfaa mwalimu, kwa kumhesabia na kumhifadhia majibu. Wanafunzi walifaidiwa na swali na ubishi. Kadi zikikunjwa kifuani mpaka ishara itolewe, kisha zikainuliwa zote kwa mpigo mmoja, siri ya jibu hulindwa kiasi cha kutosha. Ziko pia kadi zenye michoro ya miraba meusi na meupe, zisomwazo kwa kamera ya simu moja tu iliyo mkononi mwa mwalimu. Mwanafunzi huigeuza kadi yake upande wa jibu, na jirani hawezi kuusoma mchoro.

Kisichopatikana dukani ni maswali. Mwalimu wa sarufi aanzaye kazi hii hana haja ya kuketi na kubuni majibu ya makosa, kwa kuwa mengi anayo tayari katika daftari za wanafunzi wa mwaka uliopita, yamepigiwa mstari kwa wino wake mwenyewe mwekundu.