Kiendelezi na Faili Iliyobanwa

Gunia ghalani Nachingwea likiandikwa “ufuta”, utajua kilichomo kabla ya kulifungua. Faili ya kompyuta nayo ina alama. Herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina lake huitwa kiendelezi. Kwa mfano, .txt ni maandishi, .jpg ni picha na .mp3 ni sauti. Kumbuka: kubadili alama ya gunia hakugeuzi ufuta kuwa korosho. Vivyo hivyo, kubadili kiendelezi hakubadili kilichomo katika faili.

Kiendelezi .zip huonyesha faili iliyobanwa. Tuseme gari la Ruangwa limepakia magunia 8 ya korosho, kisha 4 ya ufuta. Andika: KKKKKKKKUUUU. Sasa fupisha: 8K4U. Alama 12 zimekuwa 4, wala hakuna gunia lililopotea. Kwa njia zinazofanana na hii, kompyuta hupunguza ukubwa wa faili ili itumwe upesi. Ikifunguliwa, hurudi kama ilivyokuwa.

Tahadhari: usifungue faili ya .zip usiyojua imetoka kwa nani. Yaweza kuficha programu inayoharibu kompyuta.

Zoezi
1. Fupisha KKKKKUUKKK.
2. Fupisha KUKUKU kwa njia hiyo hiyo. Je, alama zimepungua au zimeongezeka? Kwa nini?