Je, Wajua? Daktari wa Pwani ya Kusini na Zamu Zake

Ukifika Msambweni, Kinango au Lunga Lunga, kaunti ya Kwale, ukiwa mgonjwa, huwa na hamu ya jambo moja tu: daktari yuko? Leo tutazame upande wa pili wa meza. Amesomea wapi, analipwa na nani, na analala saa ngapi?

Je, wajua kwamba...

● ...kumaliza chuo kikuu hakumpi daktari ruhusa ya kufungua kliniki? Baada ya miaka 5 au 6 ya masomo, kuna mwaka mzima wa uanagenzi hospitalini chini ya usimamizi. Mwanagenzi huzungushwa katika magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Hospitali ya Rufaa ya Msambweni ni miongoni mwa zinazowapokea. Yule kijana aliyekushona kidonda saa nane za usiku huenda alikuwa mmoja wao.

● ...anayekupokea kwanza mara nyingi si daktari bali ni tabibu? Huyu husomea diploma kwa miaka 3, kisha naye hufanya uanagenzi wa mwaka mmoja. Chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, kilichoanza mwaka 1927, kina kampasi papo hapo Msambweni.

● ...katika wodi moja wanaweza kuwapo madaktari wawili wenye waajiri wawili? Tangu 2013, hospitali za Kwale ziko chini ya serikali ya kaunti, na ndiyo inayowaajiri madaktari wake. Mwanagenzi naye hutumwa na Wizara ya Afya na hulipwa na serikali kuu. Mishahara ikichelewa, kila mmoja ana mlango wake wa kubisha.

● ...sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale, katika eneo la kilomita za mraba takriban 8,270? Wengi wao hawako karibu na lami ya Diani. Daktari wa Kinango huwahudumia watu waliotoka mbali, kwa barabara za vumbi, na baadhi hufika ugonjwa umeshakomaa. Akiwa mgeni wa kutoka bara asiyejua Kiduruma wala Kidigo, muuguzi wa hapo hapo ndiye humsaidia kumwelewa bibi anayejieleza.

● ...kwa miaka mingi, rufaa kutoka Kwale kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, kisiwani Mombasa, ilimaanisha kuvuka kwa feri ya Likoni? Barabara ya Dongo Kundu yenye daraja refu la Mteza ilipokamilika mwaka 2024, ambulansi zilipata njia ya kuzunguka. Lakini mgonjwa mahututi hasafirishwi na dereva peke yake. Mhudumu wa afya huandamana naye, na kazi aliyoiacha wodini huangukia waliobaki.

● ...Kwale yenyewe ni darasa? Kichocho kimechunguzwa Msambweni tangu miaka ya 1980. Matende, busha na malaria ni magonjwa ambayo mwanafunzi wa mijini huyasoma zaidi vitabuni. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kwale: jamii zilipopewa dawa ya ivermectin mara moja kwa mwezi kwa miezi 3, maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26.

● ...Katiba ya 2010 inampa daktari haki ya kugoma na inakupa wewe haki ya kutibiwa? Kifungu cha 41 kinalinda mgomo, na cha 43 kinalinda afya. Haki hizo mbili zilikutana kwa kishindo tarehe 5 Desemba 2016, madaktari walipogoma nchi nzima kudai mkataba wa 2013 uliokuwa umetiwa saini bila kutekelezwa. Maafisa 7 wa chama chao, KMPDU, walifungwa Februari 2017 kwa kudharau mahakama, wakaachiliwa baada ya siku mbili. Mgomo uliisha tarehe 14 Machi, siku ya 100.

● ...mgomo wa 2024, uliodumu siku 56, kiini chake kimojawapo kilikuwa wanagenzi? Mkataba wa 2017 ulisema walipwe takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, nayo serikali ikataka kulipa 70,000. Makubaliano ya kurudi kwenye kiwango cha mkataba yalifikiwa Desemba 2024, baada ya vuta nikuvute ya miezi.

● ...Aprili 2020, Kwale ilifungwa pamoja na Mombasa na Kilifi kwa sababu ya korona? Watu walizuiwa kutoka na kuingia, lakini wahudumu wa afya waliendelea na zamu zao. Desemba mwaka huo, daktari wa miaka 28 aliyekuwa akifanya kazi Machakos alifariki kwa korona. Kifo chake kilizua hasira kitaifa, kwani alikuwa amefanya kazi kwa miezi bila mshahara na bila bima ya matibabu.

● ...kiapo cha madaktari duniani kilibadilishwa ili kumkumbuka daktari mwenyewe? Mwaka 2017, mjini Chicago, Chama cha Madaktari Duniani kilirekebisha Azimio la Geneva. Sasa daktari anaahidi pia kuitunza afya yake ili amhudumie mgonjwa ipasavyo.

● ...jimbo la New York liliwawekea madaktari wanaosomea hospitalini kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 1989? Msichana wa miaka 18, Libby Zion, alikuwa amefariki mwaka 1984 mikononi mwa madaktari vijana waliokuwa kwenye zamu ndefu. Uchovu wa daktari ukageuka suala la sheria.

● ...nawe unaweza kumpunguzia daktari wa Msambweni mzigo? Homa ya kawaida, chanjo na kliniki ya wajawazito hupatikana katika zahanati na vituo vya afya vya karibu. Anza huko, rufaa ibaki ya wanaoihitaji.

● ...sheria inaitaka kaunti isikilize wananchi kabla ya bajeti kupitishwa, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai? Kikao kikiitishwa wadi yako, nenda. Uliza madaktari wangapi wataajiriwa mwaka huu, wangapi wameondoka na kwa nini, na kama wa zamu ya usiku wana mahali pa kulala. Majibu hayo yanakuhusu, kwa kuwa daktari aliyechoka anakutibu wewe.